Tuandikiwe Riwaya ya Kwetu, na Mwizi Awe wa Kwetu

Nina dukuduku ambalo limenikaa rohoni tangu muhula uliopita. Sisi watu wa Kwale tuna kila kitu cha riwaya nzuri ya upelelezi isipokuwa riwaya yenyewe.

Waliosoma Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar kilichotoka mwaka 1960, wanajua nisemalo. Mtu anakutwa ameuawa kwenye mzimu. Bwana Msa anawasha kiko chake, Najum yuko ubavuni anauliza maswali, na polepole tunang'amua kwamba jibu haliko kwa mashetani. Liko katika mambo ambayo watu wenyewe waliyaficha. Wengine humwita Bwana Msa Sherlock Holmes wa Waswahili. Mimi naona amemzidi kwa uungwana, lakini hayo tuyaache.

Sasa tazameni kwetu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Robert Soper alichimba huku akapata vyungu vya wafua chuma wa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Vyungu vya aina hiyo vikaitwa vya Kwale, na huitwa hivyo hata vikiokotwa Tanzania! Diani pana msikiti wa kale wa Kongo. Kinondo pana kaya ambayo mgeni haingii mpaka afungwe kaniki.

Lakini kisa kinichomacho ni cha jirani zetu wa Kilifi. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango alivyowasimamishia nduguze marehemu. Haukupita muda vikaibwa. Mwaka 1999 mtafiti yule yule akavigundua Marekani, kimoja katika makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois, kingine Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vikarejeshwa kwa jamaa zake.

Tukisimulia kisa hiki tunapenda kumlaani Mzungu aliyenunua, na anastahili. Lakini jamani, Mzungu wa Illinois alijuaje njia ya kwenda kwenye boma la mzee? Waliochunguza wizi huu wamesema wazi kwamba vigango vingi vilibebwa na vijana wa huku huku wasio na kazi, wakawauzia wachuuzi wa vinyago. Yaani aliyekula kwa mzee mchana ndiye aliyerudi usiku. Hapo ndipo riwaya ilipo! Mjukuu anafiwa na babu yake Msambweni, anafungua sanduku, anakuta stakabadhi ya duka la vinyago. Afanye nini? Aseme matangani?

Rafiki yangu wa kidato cha nne ananiambia, "We, wazee watakulaani, siri ya kaya haiandikwi." Nakubaliana naye nusu. Yaliyomo ndani ya kaya, viapo na fingo, yaachwe huko huko, na mwandishi atakayeyaanika kwa ajili ya kuuza kitabu hana tofauti na mchuuzi. Ila nani aliuza, kwa shilingi ngapi, na nani nyumbani alijua akanyamaza, hiyo si siri ya kaya. Hiyo ni siri ya mwizi, na hakuna mzee aliyeapishwa kuilinda.

Basi mwanachama mwenye kalamu aanze. Sura ya kwanza nitaisoma bure, hata kwa mwangaza wa koroboi.