Maradhi ya Siri na Kipaza Sauti cha Sokoni

Rongai nisemayo si ile ya Ongata, ubavuni mwa Nairobi. Ni hii ya Nakuru, mji mdogo wa mahindi na mkonge na stesheni ya reli, usio mbali na Salgaa ambako madereva wa malori kutoka bandari ya Mombasa husimama kulala. Nilikuwa huko kwa mpwa wangu, na siku ya soko nikamwona muuza dawa juu ya gari, kipaza sauti mkononi, akinadi chupa moja aliyodai kuwa huondoa minyoo, maumivu ya mgongo, kisukari na, hapa sauti ilipanda, upungufu wa nguvu za kiume. Wanawake waliokuwa wakichagua viazi walicheka, wakaendelea na viazi vyao. Wanaume walitazama chini. Kisha wakaja madereva wawili, ambao kwa lafudhi yao nilijua ni watu wa kwetu, wakanunua chupa mbili mbili na kuzitia chini ya shati. Bei hawakubishana hata kwa senti moja. Mtu wa Pwani asiyebishana bei, ndugu msomaji, ana jambo zito.

Na uzito wake, kwa maoni yangu, unaanzia katika lugha. Wanazuoni wa fiqhi walipoandika habari za mume asiyeweza kumuingilia mkewe walimwita innin. Mwanamume mwenye mwenendo wa kike walimwita mukhannath. Hao ni watu wawili, na kila mmoja ana mlango wake kitabuni. Sisi Waswahili tukalichukua neno la mzizi wa huyo wa pili, tukalifanya hanithi, kisha tukawatia humo wote: mgonjwa, mwoga, na yule mwengine. Basi nani atakayeingia kwa daktari akajitaja kwa jina ambalo mitaani ni tusi la kupigania? Hata hilo la "nguvu za kiume" limekosa shabaha. Mchukuzi wa bandarini abebaye gunia la kilo 90 huweza kupatwa na maradhi haya, na mzee dhaifu wa mkongojo akawa hana habari nayo. Tena tunayachanganya na utasa, ilhali mwenye udhaifu huu huenda mbegu yake ni nzima kabisa, na mwenye kujisifu barazani huenda hana mbegu hata moja. Wakati huo anayesemwa mtaani kuwa hazai ni mke.

Waliotutangulia walikuwa na busara kuliko sisi. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho makadhi wetu wa madhehebu ya Shafi wamekitegemea kwa vizazi, mke ambaye mumewe hajapata kumuingilia tangu ndoa ana haki ya kwenda kwa kadhi. Udhaifu ukishathibiti, kadhi hamtenganishi naye siku hiyo. Akitaka mke, mume hupewa muda wa mwaka mmoja, hukumu iliyopokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.). Na kwa nini mwaka? Wanazuoni wanaeleza kuwa huenda ugonjwa umetokana na joto au baridi, ukavu au unyevu, basi na zimpitie nyakati zote nne, pengine mmojawapo utamfaa. Utabibu wa leo haugawi maradhi kwa joto na baridi namna hiyo. Lakini tazama adabu yake: jambo limetajwa kwa jina lake, pande zote mbili zimesikilizwa, na mwanamume amehesabiwa mgonjwa anayestahiki muda.

Ama utabibu wa leo unasemaje? Unasema kusimama kwa uume ni kazi ya damu. Hamu ikija, ubongo hupeleka habari, mishipa ya fahamu hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi, nayo hulegeza kuta za mishipa ya damu, damu ikajaa na kuzuilika. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya hewa hiyo katika mishipa ya damu. Basi kila kinachoharibu mishipa huharibu na jambo hili: kisukari, shinikizo la damu, mafuta katika damu, unene, sigara. Na kwa kuwa mishipa ya hapo ni myembamba kuliko ile ya moyo, huziba mapema. Ndipo mara nyingi udhaifu huu ukatangulia maradhi ya moyo kwa miaka kadhaa. Dereva anayekaa kitako zaidi ya kilomita 600 kutoka Mombasa hadi Nakuru, sigara mdomoni na soda mkononi, huenda mwili wake unampigia hodi juu ya moyo. Yeye anakwenda sokoni kununua cha kuinyamazishia hodi hiyo.

Wala si peke yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1994 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ulikuta kuwa kati ya wanaume 100 wa miaka 40 hadi 70, 52 walikuwa na udhaifu huu, mdogo au mkubwa. Kwa vijana habari ni nyingine. Kijana akiamka alfajiri mzima, kisha usiku kwa mkewe akashindwa, mara nyingi shida ni deni, ugomvi, au hofu ya kushindwa tena. Kwetu ataambiwa amefungwa, atozwe mbuzi.

Vidonge vipo. Sildenafil, maarufu kwa jina la Viagra, ilijaribiwa kwanza Uingereza kwa maumivu ya kifua, ikaruhusiwa Marekani kwa kazi hii Machi 1998. Haileti hamu, wala haiponyi kisukari. Na anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akiimeza, shinikizo la damu huweza kuporomoka akafa. Hapo ndipo ninapoiogopa chupa ya Rongai, kwa kuwa katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta dawa zinazoitwa za mitishamba zimetiwa sildenafil kwa siri. Mukombero, mzizi ambao ndugu zetu wa Magharibi wameutafuna tangu zamani, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na chupa isiyo na maandishi.

Kwa daktari, mtu atapimwa sukari, shinikizo na mafuta, na ataulizwa dawa anazokunywa, maana baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta udhaifu huu. Hizo asiziache kwa shauri lake mwenyewe, daktari humbadilishia. Na aende na mkewe, kwani mke aliyefichwa hudhani amechukiwa au kuna mwengine, na talaka ngapi zimeanzia hapo.

Bi arusi wetu hufundwa na somo wake. Bwana arusi, mara nyingi, hupata mzaha wa wenzake tu. Naomba maimamu na makadhi wetu, kuanzia Lamu hadi Vanga na hata misikiti ya barabarani huko Nakuru wanakoswali madereva, waweke darsa moja kwa wanaume watupu, mlango umefungwa, wamlete daktari Muislamu mwenye subira, na neno hanithi lisitamkwe humo.