Mkonga mdogo usivalishwe tairi za trekta

Nimepeleka watalii mbugani kutoka Arusha kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Siku hizi nimestaafu usukani mkubwa, nimebaki na mdogo: natengeneza magari ya rimoti, yale ya kupanda mawe na kuvuka matope, kwa kipimo cha moja kwa kumi. Anayeona huu ni mchezo wa watoto, simbishii. Ugomvi wangu ni na wenzangu wa fani, wanaochukua Land Cruiser nzuri wakaifanya kitu ambacho hakijawahi kutembea popote duniani.

Chukua tairi. Mkonga tunaoujua sote, ile Land Cruiser ya safu ya 70 iliyoanza kutoka mwaka 1984, huvaa tairi za 7.50R16. Ukisimamisha moja ardhini, kimo chake ni kama sentimita 80. Gawa kwa kumi, unapata sentimita nane. Sasa nenda kapime tairi zinazogombewa na watengenezaji wa modeli: milimita 108, nyingine hadi 120. Yaani kwa kipimo halisi, mita moja na ushee. Hizo ni za trekta. Gari litapanda jiwe vizuri mno, sikatai, lakini bodi inaning'inia juu kama mtoto aliyevaa gambuti za baba yake. Zipo rimu za inchi 1.55, ndogo kuliko zile za 1.9 zilizozagaa, na tairi zake zinaukaribia ukweli. Kweli, mawe mengine yatakushinda. Hata mkonga halisi yanaushinda: dereva anashuka, anatazama, anazunguka.

Mwendo nao. Modeli ikienda kilomita tano kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, machoni inaonekana kama gari linalokimbia hamsini. Kwenye korongo hakuna anayekimbia hamsini. Weka mota yenye mizunguko mingi ya waya, 35 au 55, ipate nguvu na ipoteze haraka zake.

Halafu yanakuja mapambo: jeki ndefu, koleo, hema juu ya keria, madumu ya mafuta, mbao za kujinasulia kwenye mchanga. Vyote vinauzwa vidogo vidogo, na vyote hubandikwa kwa supaglu pale palipo na nafasi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniletea gari lake nilione.

"Shikamoo mzee. Unalionaje?"

"Marahaba. Zuri sana. Ila hiyo jeki umeisimamisha kwenye boneti, dereva anaonaje barabara?"

"Mzee, ndani hamna dereva."

"Ndiyo maana umeiweka hapo."

Tulicheka, lakini nilikuwa simtanii. Kila kitu kilichofungwa nje ya gari la safari kina sababu ya kukaa kilipo. Jeki inakaa pale utakapoifikia gari likiwa limezama hadi kwenye ekseli, usiku, mvua inanyesha, na wageni wamo ndani. Tairi za akiba zinakaa nyuma kwa sababu ndani kuna watu na mabegi. Kabla hujabandika chochote, weka kamera ya simu pale kilipo kiti cha dereva uangalie nje. Kisha jiulize mkono wa mtu utapita wapi kukifungua. Jibu likikosekana, kirudishe kwenye pakiti.

Kwenye rangi ndiko uongo unakozidi. Vijana wanatazama video za Marekani na Ulaya, wanapaka kutu kila kona. Wenzetu kule humwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, magari yao yanaliwa kutokea chini. Arusha nani anamwaga chumvi? Gari la Tanga au Kilwa, sawa, bahari ipo. La kwetu kwanza huchubuka. Miba ya migunga huchora mistari ubavuni, na mistari hiyo hulala, kwa kuwa gari lilikuwa linaenda mbele. Nimeona modeli zilizokwaruzwa kutoka juu kwenda chini, nikajiuliza gari hilo lilidondoka kutoka wapi. Rangi huisha kwenye ukingo wa dirisha la dereva, anapoegemeza kiwiko, na kwenye kingo za paa la kunyanyua, wageni wanaposhikilia wakitafuta simba.

Vumbi nalo lina kwao. La Karatu ni jekundu, la njia ya Natron ni la kijivu, na mwenye macho atakuuliza gari lako lilipita wapi. Hujaa zaidi mlango wa nyuma, maana gari lenye umbo la boksi likikimbia, hewa iliyo nyuma yake hulivuta vumbi kulirudisha. Mimi nalichekecha vumbi lenyewe kwa soksi ndefu ya nailoni, nalipaka kwa brashi laini, kisha napuliza vanishi isiyong'aa kwa mbali. Usiruke kuchekecha. Punje ya mchanga ukiizidisha mara kumi inakuwa kokoto.

Watasema teknolojia imetuacha wazee nyuma. Haya, tulinganishe. Mwaka 1981 Tamiya, Wajapani wa Shizuoka, walitoa Hilux ya rimoti yenye gia tatu unazobadilisha mwenyewe na springi za vyuma bapa, kama za pikapu yenyewe. Mwaka 2017 Traxxas wa Marekani wakaja na TRX-4 yenye bodi ya Defender: difu zinafungwa kwa rimoti, na gia za ziada kwenye kila gurudumu zinazoinua ekseli juu ya mawe. Inapita popote. Lakini ekseli za namna hiyo utazikuta kwenye Unimog. Defender haikutoka nazo kiwandani. Ukiigeuza chini juu, ile ya 1981 inamshinda mwenziwe kwa ukweli.

Nani atageuza gari kuangalia chini? Mimi. Mwaka 2007 Toyota walipanua mkonga kwa mbele ili injini ya V8 iingie, nyuma wakaacha vilevile, na tofauti ni kama milimita 95. Aliyeendesha huo kwenye mchanga anajua: tairi za nyuma hazikai kwenye mifereji iliyochimbwa na za mbele. Kwenye modeli ni chini ya milimita tano kila upande. Ukiziweka, dereva yeyote wa safari atasimama aangalie mara mbili.

Ninayoijenga sasa sijaiona kwenye boksi la kiwanda chochote: mkonga wa Arusha uliokatwa chesisi na kurefushwa ili uongezwe safu ya viti, paa likafanywa la kunyanyuka. Vipimo nimechukua kwenye gereji, kwa futi kamba, mafundi wakinicheka. Chesisi ya milimita 324 kati ya ekseli, ambayo ni ndefu mno kwa mkonga wa kawaida, hapa imenifaa. Tumbo lake linagonga kwenye kila tuta, kama linavyogonga lile kubwa. Vijana wananishauri ninyanyue springi na kuweka tairi za 120. Hazitawekwa.