Msiwakaripie Mabinti Peke Yao

Kwaresima ikifika, hapakosi parokia ambamo mhubiri huwageukia mabinti. Huwaambia kwamba kujichubua ngozi ni dhambi ya kiburi, kwamba wanamsahihisha Muumba kana kwamba alikosea. Mabinti huinamisha vichwa. Baba zao huitikia kwa kuridhika. Jumatatu mafuta yale huuzwa sokoni kama kawaida, Bukavu na Lubumbashi vilevile.

Nasema bila kuficha: hubiri hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya pili tunaiacha kwa sababu inatugusa sisi wakubwa.

Ubaya wa mafuta hayo hauna mabishano. Mengine yana zebaki, ambayo hupenya ngozini, huingia damuni na kuharibu figo. Kwa mama mwenye mimba hupita hata kwa mtoto aliye tumboni. Mengine yana dawa kali za magonjwa ya ngozi, ambazo daktari huziandika kwa siku chache, naye binti hujipaka miaka. Ngozi yake hugeuka nyembamba kama karatasi, na siku akipasuliwa ili azae, nyuzi hazishiki vizuri, kidonda huchelewa kupona. Ndiyo sababu mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yalikataza vipodozi vyenye zebaki kupita miligramu 1 kwa kilo, na mwaka 2023 mataifa yakakubaliana kufuta hata kiasi hicho kidogo, mwisho wake ukiwa 2025. Lakini mara nyingi kopo lenyewe halikuandikwa neno zebaki.

Sasa, nani alimtuma binti kununua? Kijana anayemcheka njiani, eti uso wa Fanta na vidole vya Coca, ni yule yule anayewaomba wajomba wamtafutie mchumba mweupe. Mashangazi wakienda kumtazama msichana, neno la kwanza wanalorudi nalo ni rangi yake. Nyumbani kwenye mabinti wawili, mweupe husifiwa mbele ya wageni, mweusi hutumwa kuteka maji. (Msiniambie kwamba hayo hufanyika kijiji cha jirani tu.) Binti ameyasikia hayo kabla hajajua kusali Baba Yetu. Ndiye mnayemwita mwenye kiburi? Mwenye kiburi hujiona bora kuliko wenzake. Huyu amekwisha kuamini kwamba hafai.

Wala sisi watu wa Kanisa tusijifiche nyuma ya mlango. Katika picha za katekisimu walizofundishiwa babu zetu, malaika alikuwa mweupe, na shetani alipakwa weusi wa masizi. Picha za namna hiyo hazijaisha zote katika vikanisa vyetu. Mtoto hasomi vitabu vya teolojia, hutazama ukuta. Na katika Wimbo Ulio Bora bibi arusi anataja mbele ya watu kwamba ngozi yake ni nyeusi, wala haoni haya kujiita mzuri. Mmelisikia hubiri la somo hilo mara ngapi siku ya ndoa?

Tunaye Mwenye heri Anuarite, binti wa Wamba, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Tangu siku hiyo uso mweusi wa binti wa Kongo una haki ya kuheshimiwa altareni. Tunamtaja kila tunapowafundisha wasichana usafi wa moyo, na ni vema. Lakini mbona katika parokia ninazozijua picha yake ni ndogo kuliko kalenda ya duka?

Mapadri, iondoeni picha ile ya shetani mweusi kabla ya kupanda mimbari. Nanyi akina mama mnaowasukuma mabinti wakaungame, fungueni kwanza kisanduku chenu cha mafuta. Naogopa kwamba kopo ni lile lile, mnalitumia pamoja nao.