KUKU WA UANI NA MABAKI YA JIKONI

Tangu TANU ilipotoa tamko la "Siasa ni Kilimo" mjini Iringa mwaka 1972, wengi wetu tumelichukua neno kilimo kuwa ni jembe na shamba tu. Kuku wa uani hahesabiwi. Ni mali ya mama, hujitafutia mwenyewe, na hukumbukwa siku mgeni anapobisha hodi.

Tunasema dharau hiyo haina msingi. Utafiti wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka 5, 30 wamedumaa. Wakati huo huo, katika miji yetu ya pwani, Tanga ikiwa mojawapo, hutupwa jalalani ukoko, machicha ya nazi, mapapai yaliyoiva mno na mchicha ulionyauka. Hiyo ni israfu. Awezaye kuvigeuza vitu hivyo kuwa yai yumo uani, ananyimwa.

Lakini kumlisha kuku mabaki si kummwagia kila kilichotushinda. Wako wananchi wenye nia njema wanaowapa kuku mahindi yaliyoota ukungu, kwa hoja kwamba hayafai tena kwa ugali. Hoja hiyo ni ya hatari. Sumukuvu, iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, humdhuru kuku pia, na mabaki yake huweza kuingia katika ini na mayai, yakarudi sahanini kwa mtoto yule yule tunayetaka kumnusuru. Papa wa chumvi na ng'onda nao wasipewe, kwani chumvi nyingi huua kuku. Maganda ya muhogo yaanikwe juani hadi yakauke barabara, maana mabichi yana sumu. Kokwa na maganda ya parachichi, pamoja na maharage mabichi, yasifike uani kabisa. Utumbo na manyoya ya kuku aliyenunuliwa sokoni yafukiwe. Mara nyingi kideri huingia kwa mlango huo.

Ni kweli pia kwamba mabaki peke yake hayatoshi. Wali na ugali hushibisha tu. Yai hutaka protini, na gamba lake hutaka chokaa. Dagaa kidogo, mashudu, na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa huziba pengo hilo. Wazee wetu walitega mchwa kwa chungu kilichojazwa samadi kavu na mabua, kikafudikizwa juu ya njia yao, wala hawakungoja mtaalamu kutoka ng'ambo. Na yai likipatikana, apewe mtoto kwanza; la ziada ndilo liende sokoni.

Yote hayo ni bure kideri kikipita. Chanjo ya I-2 ipo, hustahimili joto, nayo ni tone moja la jicho kila baada ya miezi 3. Shida ni kwamba kichupa kimoja hutosha kuku wengi, na mwenye kuku 6 haoni sababu ya kukinunua. Hapa ndipo tunapowataka mabalozi wa mashina watimize wajibu wao: wahesabu kuku wa nyumba zao, wachangishe fedha, wapatane siku na afisa mifugo wa kata, na kazi ifanyike alfajiri kabla mabanda hayajafunguliwa.