Nathani, mwanakondoo na mbwa wa nyuma ya nyumba



Miezi michache iliyopita nilialikwa na familia moja kubariki nyumba yao mpya. Baba mwenye nyumba alinitembeza chumba kwa chumba, kisha akanipeleka uani kunionyesha banda. Ndani alikuwamo mbwa wa mbegu ya German Shepherd, amelala kwenye saruji, miguu ya nyuma haina nguvu tena. "Huyu tulimnunua bei kubwa, Padre, lakini amezeeka. Hata kubweka habweki. Wiki hii tunamwondoa, tunaleta mwingine." Aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyotumia kunieleza habari za jokofu. Mwanawe wa kiume, wa miaka kama tisa hivi, alisimama nyuma yake akichokonoa wavu wa banda kwa kidole. Hakusema neno.

Nami sikusema neno. Nilinyunyiza maji ya baraka, nikanywa soda, nikaaga. Ni usiku tu ndipo lile neno "tunamwondoa" liliponikosesha usingizi, maana nilijua lina maana gani.

Tumezoea kununua, na mazoea hayo hayabaki dukani. Simu ikichakaa tunatafuta toleo jipya. Siku hizi watoto wa mbwa hutangazwa mtandaoni katikati ya simu na viatu: picha, bei, na maneno "maongezi yapo". Mtoto akililia mmoja siku ya Kipaimara, ananunuliwa. Hakuna anayemwambia kwamba kiumbe huyu atahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, ataugua, na atazeeka kabla mtoto mwenyewe hajamaliza shule.

Fungua Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, pale nabii Nathani anapomsimulia Daudi habari za tajiri mwenye makundi ya mifugo na maskini mwenye mwanakondoo mmoja. Nimeihubiri sura hiyo kwa miaka mingi bila kuona jambo dogo lililo wazi: maskini yule naye alimnunua mwanakondoo wake. Alitoa fedha kama mtu yeyote. Basi kosa si kununua. Kwa maskini, kulipa kulikuwa mwanzo tu. Mnyama alikula tonge lake, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake, akakua pamoja na watoto wake. Tajiri alimtazama mnyama yuleyule akaona kitoweo cha mgeni. Daudi aliposikia hayo alighadhibika, kabla hajajua kwamba anayesemwa ni yeye.

Najua msomaji mmoja anauliza: watu wanalala njaa, na Padre anatulilia mbwa? Ni swali halali. Katekisimu ya Kanisa, namba 2418, inafundisha kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Na papo hapo inatuonya tusiwatumilie fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza shida za watu. Nimeingia nyumba ambamo mbwa anapikiwa nyama kila siku, na dada wa kazi anakula ugali kwa mchuzi uliobaki. Msidhani mbwa yule anapendwa. Anaonyeshwa kwa wageni, na siku atakapochakaa hatapikiwa tena.

Nyumbani kwetu Singida tulikuwa na punda wa kubeba maji. Bibi yangu hakujua kusoma, lakini Jumapili punda hakubebeshwa kitu. Maji tuliyachota sisi, kichwani, tukinung'unika njia nzima. Seminarini ndipo nilipokutana na Kutoka 23:12, kwamba siku ya saba ng'ombe na punda nao wapumzike. Miaka ya karibuni punda wa Afrika wamechinjwa kwa wingi mno kwa ajili ya ngozi tu, ichemshwe kutengeneza ejiao, bidhaa ya dawa na urembo inayopendwa China, hadi Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipokubaliana kusitisha uchinjaji huo kwa miaka 15. Anayenunua ejiao huenda hajawahi kumwona punda aliyechinjwa. Sisi wenye mbwa uani hatuna kisingizio hicho. Tunamwona kila asubuhi tukifungua geti.

Siku ya tatu nilimpigia simu yule baba, nikamwomba mbwa. Alicheka, akamleta mwenyewe. Sasa analala nyuma ya jiko la parokia, juu ya gunia. Daktari wa mifugo amempa dawa ya maumivu, naye amesema wazi kwamba miguu haitapona. Mlinzi wetu ananitania kwamba ameongezewa mtu wa kumlinda.

Kila Jumapili, baada ya Misa ya pili, yule mtoto huja na mfuko wenye mifupa, akakaa naye pale chini mpaka suruali ya Misa inajaa vumbi. Mbwa humtambua kwa nyayo tu, huinua kichwa kabla hajatokeza. Baba yake humsubiri ndani ya gari. Sijamwuliza kitu, ila siku hizi naona hawashi injini mapema.