Datsun 240Z: Injini ya Gari la Kawaida, Ushindi wa Safari

Safari Rally ikikaribia, ubishi wa magari ya zamani hufufuka, na hakosi mtu wa kuitaja Porsche. Mimi kura yangu naipa Datsun 240Z, na sababu zangu ni za mtu wa programu.

Umbo lake kwanza: boneti ndefu, paa linaloteremka hadi nyuma, viti viwili basi. Liliundwa na timu ya Yoshihiko Matsuo kule Nissan, likatoka mwaka 1969. Wapo wanaotaka sifa hiyo apewe Albrecht Goertz, Mjerumani aliyewahi kuwa mshauri wa Nissan. Wabishane tu. Hilo ni ganda, utamu uko ndani.

Injini yake, L24, ina silinda sita. Kila moja ina kipenyo cha milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7. Sasa fungua boneti ya Datsun 1600 SSS, gari la kubebea familia. Silinda ni nne, lakini vipimo ni vile vile! Wahandisi hawakuanza upya. Walichukua kilichokwisha kujaribiwa, wakaongeza silinda mbili, wakapata sisi 2393. Sisi tunaoandika programu tunaijua kazi hii: mbona uandike upya msimbo unaofanya kazi? Ndiyo maana Marekani liliuzwa kwa takriban dola 3,500, bei ambayo Jaguar E-Type haikuweza kuikaribia.

Ubahili? Haya, twende mbioni. Kwenye lami ya Marekani, John Morton wa timu ya Pete Brock alitwaa ubingwa wa SCCA, daraja la C Production, mwaka 1970 na 1971. Lakini lami haitoshi kulipima gari. Matope na mawe ya huku kwetu ndiyo mtihani. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari mwaka 1970 kwa ile 1600 SSS, kisha 1971 kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda kwa 240Z, baada ya kutoshana pointi na Harry Källström. Naye Källström aliendesha nini? Datsun 1800 SSS, injini ya ukoo huo huo wa L.

Na Porsche 911? Ilishika nafasi ya pili mwaka 1974, ikashika tena ya pili 1978.