USIPIGE NAMBA ILE



Mwezi uliopita karani mmoja wa ghala hapa Ruiri alikuwa akitafuta bei za mahindi katika kompyuta ya tajiri wake. Mara skrini ikawa nyekundu, sauti ikalia kama king'ora, na maneno yakatokea kwamba mashine imeingiwa na virusi, asiizime, apige simu upesi kwa namba iliyoandikwa pale. Akapiga. Aliyejibu alikuwa mpole sana, akajiita fundi, akamwambia aweke programu ndogo ya kusafisha mashine. Kumbe programu ile ilimpa mgeni yule uwezo wa kuiendesha kompyuta kutoka mbali.

Karani akashtuka, akakata simu, akanyamaza siku mbili. Aliogopa kukatwa mshahara. Katika siku mbili hizo fedha za ghala zikaondoka.

Ndugu, onyo lile ni ukurasa tu wa intaneti, kama karatasi iliyobandikwa ukutani sokoni. Halijui kama mashine yako ni nzima au gonjwa. Kampuni ya Microsoft yenyewe imesema kwamba maonyo yake ya kweli hayana namba ya simu kamwe. Basi ukiona namba, jua ni wezi. Wanakukataza kuzima kwa sababu ukizima mchezo wao umekwisha. Bonyeza Alt na F4 pamoja. Ikikataa, zima mashine yote, na ukiiwasha tena usikubali kurudishiwa kurasa za kwanza. Kwa simu ya mkononi, funga kivinjari kabisa, kisha uifute ruhusa ya arifa uliyoipa tovuti ile.

Na aliyekwisha kuwafungulia mlango? Akate intaneti saa ile ile, apige simu benki, abadilishe maneno ya siri kwa kutumia mashine nyingine, aiondoe programu ile, apeleke habari polisi. Tangu 2018 iko sheria ya makosa ya mtandao. Lakini zaidi ya yote amwambie mkubwa wake kabla ya jua kutua.

Hapo ndipo nina neno na matajiri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ambayo mfanya kazi ameifanya kwa kukusudia. Kudanganywa si kukusudia! Hata hivyo wako wanaosema, "Ikipotea, utalipa." Tajiri wa namna hiyo anawafundisha watu wake kuficha, na kufichwa ndiko mwizi anakokutaka. Wengi wao hawajampa karani hata saa moja ya mafunzo.

Nashauri tawi letu lidai waraka kwa kila mwajiri: mfanya kazi aliyedanganywa, akatoa habari siku ile ile, asikatwe hata senti. Jambo hili litajadiliwa katika mkutano ujao. Aliyekwisha kukatwa mshahara kwa sababu hii aje na hati yake ya mshahara.